Mrija Ulipotoka Mimi Sikuwepo

Kwa muda wa miaka miwili na nusu palikuwa na mtu mmoja tu nyumbani kwetu aliyeweza kumlisha mwanangu wa pili, kumpa dawa zake kwa saa zake, kumvuta makohozi kwa mashine na kumbadilishia mpira wa oksijeni puani, na mtu huyo nilikuwa mimi. Sikuliona jambo hilo kuwa tatizo. Nililiona kuwa ndiyo maana ya kuwa mama yake, na kila aliyenisihi nipumzike nilimjibu kwa heshima kwamba nitapumzika mtoto akipata nafuu, ingawa moyoni nilijua kwamba nafuu ya namna aliyoikusudia haimo katika hali ya mwanangu. Nayaandika haya kwa sababu nilikosea, na kosa lenyewe lilimdhuru mtoto yuleyule niliyedhani namlinda.

Jina lake silitaji, kwa kuwa habari za mwili wake ni zake, na iko siku pengine atataka kuamua mwenyewe nani azijue. Itoshe kusema kwamba alizaliwa njiti, katika wiki ya 27 ya ujauzito unaotakiwa kufika wiki 40, na kwamba mashine ya kupumulia iliyomwokoa katika wiki zake za kwanza iliyaacha mapafu yake na makovu. Damu ilivuja pia ndani ya ubongo wake, nasi tukaja kuambiwa baadaye kwamba ana mtindio wa ubongo, kisha kifafa, kisha kwamba misuli ya koo lake haijui kumeza kwa mpangilio, hivyo maziwa humpalia na kuingia kwenye njia ya hewa. Baada ya nimonia ya tatu alitobolewa tundu dogo tumboni, juu kidogo ya kitovu, na humo huingia mrija mfupi wa kulishia wenye puto dogo kwa ndani, ambalo hujazwa maji ili mrija usichomoke. Njia ya kuweka tundu la namna hiyo kwa kutumia kamera inayopitishwa kooni, bila kupasua tumbo, ilitumika mara ya kwanza mwaka 1979 katika mji wa Cleveland nchini Marekani, na aliyefanyiwa alikuwa mtoto mchanga. Nilipolisoma jambo hilo nilimshukuru mama wa mtoto yule nisiyemjua, aliyekubali mwanawe awe wa kwanza.

Tuliporuhusiwa kutoka hospitali tulifundishwa kwa asubuhi moja. Nasema tulifundishwa, lakini ukweli ni kwamba nilifundishwa mimi. Muuguzi alinisimamisha kando ya kitanda, akanionyesha namna ya kuinua kichwa cha mtoto kwa mwinamo kabla ya kumlisha na kumwacha hivyo kwa nusu saa baadaye, namna ya kusukuma maji kidogo ndani ya mrija kabla na baada ya kila dawa ili usizibe, na namna ya kutochanganya dawa mbili katika bomba moja la sindano. Wakati huohuo mume wangu alikuwa nje akipakia mizigo kwenye gari. Hakuna aliyemwita aingie. Mimi pia sikumwita, wala halikunijia wazo la kumwita, na kwa kweli hata yeye hakudhani kwamba kulikuwa na kitu ndani kilichomhusu. Ndivyo tulivyofika nyumbani, mmoja akiwa na ujuzi wote na mwingine akiwa na funguo za gari.

Mtu asiyewahi kuishi na mtoto wa hali hii huenda akafikiri kwamba kazi kubwa ni kumwinua na kumsafisha. Kazi kubwa ni kusikiliza. Mashine yetu ya oksijeni huvuta hewa ya chumbani, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21 tu, huchuja nitrojeni na kutoa hewa ambayo zaidi ya asilimia 90 yake ni oksijeni, na kwa kuwa inaendeshwa kwa umeme, umeme ukikatika mlio wake unazimika ghafla na nyumba nzima inaamka kwa sababu ya ukimya. Nilijifunza kuruka kutoka usingizini na kufungua mtungi wa akiba kabla sijafumbua macho vizuri. Nilijifunza pia kwamba midomo ya mtoto anayevuta oksijeni haipakwi mafuta ya mgando hata ikipasuka, kwa kuwa mafuta na oksijeni ni jamaa za moto, na nikajifunza kutofautisha mkoromo wa usingizi na mkoromo wa makohozi nikiwa jikoni, mikono ikiwa kwenye maji.

Halafu kuna oksimita, kile kibanio kidogo chenye taa nyekundu kinachofungwa kwenye kidole. Kazi yake inategemea ugunduzi wa mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, wa mwaka 1974, kwamba mwanga unaopita kwenye nyama pamoja na mapigo ya moyo unaweza kueleza ni kiasi gani cha oksijeni kimo ndani ya damu bila kuchoma sindano. Nilikipenda kifaa hicho kuliko kilivyostahili. Mume wangu alipopiga simu kutoka kazini hakuuliza tena, "Habari za nyumbani?" Aliuliza, "Yuko ngapi?" nami nikajibu, "Tisini na nne," na simu ikakatwa, na kwa miezi mingi hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya ndoa yetu. Ilichukua muda mrefu kabla ya daktari mmoja mvumilivu kunieleza kwamba namba ile ni msaidizi tu wa macho. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020, uliolinganisha vipimo vya wagonjwa watu wazima, ulionyesha kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi oksimita huonyesha namba ya juu kuliko hali halisi ya damu mara nyingi zaidi kuliko kwa wenye ngozi nyeupe. Kwa hiyo, akaniambia, mtazame mtoto kwanza: je, pua zinatanuka anapovuta pumzi, je, ngozi ya katikati ya mbavu inabonyea, je, ufizi na ulimi vina rangi gani. Tangu siku hiyo namba naisoma mwisho.

Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Sikuyaandika popote. Dawa ya kifafa ilikuwa saa moja asubuhi na saa moja jioni, ya kupunguza asidi ya tumbo nusu saa kabla ya maziwa, na kulikuwa na ile ya dharura inayotiwa kati ya ufizi na shavu ikiwa degedege litapita dakika 5. Niliyajua kama mtu anavyojua njia ya nyumbani kwao, na mtu hawezi kumwelekeza mwingine kwa simu njia ambayo mwenyewe huipita akiwa amefumba macho.

Dada yake alikuwa na miaka minane wakati huo. Siku moja mwalimu wake alinipigia simu kuniuliza kama ninajua kwamba sikio la binti yangu linatoa usaha. Sikujua. Nilipomuuliza limeanza kumuuma lini alinyamaza, kisha akasema lilianza wiki iliyopita, ila aliona mdogo wake ana homa, akaona asinisumbue. Alikuwa akilalia upande ule wenye sikio bovu ili mto uwe na joto na maumivu yapungue, na asubuhi alikuwa akigeuza foronya mwenyewe ili nisione doa. Mimi niliyesikia makohozi ya mmoja kutoka jikoni sikuwa nimesikia sikio la mwingine aliyekuwa akila nami meza moja. Jambo hilo bado linaniuma kuliko mengi niliyoyaona wodini.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Dawa ya kifafa ilikuwa imebaki ya kutosha siku mbili, nikatoka kwenda kuifuata, nikimwachia mume wangu mtoto kwa muda niliodhani utakuwa saa moja. Mahali nilipoizoea haikuwepo. Nilielekezwa kwingine, kisha kwingine, foleni ikawa ndefu, simu ikaisha chaji, na nikakaa nje kwa zaidi ya saa nne. Nilikuwa nimemlisha kabla ya kutoka, nimemsafisha, nimemlaza ubavu. Kwa baba yake nilikuwa nimeacha agizo moja tu: "Ukiona kitu, nipigie."

Puto la ndani ya mrija lilipasuka. Maputo hayo hayadumu, na baada ya miezi michache huchakaa yakapasuka yenyewe, jambo ambalo mimi nilikuwa nimeshakutana nalo mara mbili na mara zote mbili nikalimaliza bila mtu kujua. Mume wangu alipomgeuza mtoto aliona shati limelowa maziwa na kitu kama kifungo cha plastiki kikianguka kwenye shuka. Alidhani tumbo limechanika. Alinipigia, simu haikupatikana, akapiga tena na tena, na katikati ya hayo binti yetu akasimama mlangoni na kumwambia, "Baba, lile tundu linajifunga. Mama alisema linajifunga haraka."

Ni kweli hujifunga. Mwili haujui kwamba tundu lile limewekwa kwa makusudi. Huliona ni jeraha na huanza kulifunga ndani ya saa chache, hata likiwa la zamani. Kinachotakiwa kufanywa na mtu aliyefundishwa, ikiwa tundu limekwisha kupona vizuri, ni kuingiza mrija wa akiba uliopakwa jeli na kujaza puto lake kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Asiyejiamini huingiza mrija mwembamba zaidi ili kulishikilia tundu lisifungwe, asiutumie kumlisha chochote, na amkimbize mtoto hospitali. Mrija wa akiba ulikuwa ndani ya boksi chini ya kitanda. Binti yangu alilivuta akamwonyesha baba yake, akamwonyesha na jeli, akamweleza kwamba kwanza mama hupaka hii. Baba mtu alikaa chini na mrija ule mkononi, akautazama, akamtazama mtoto, na hakuthubutu. Nani angemlaumu? Alikuwa akiambiwa na mtoto wa miaka minane aingize plastiki ndani ya tumbo la mwanawe.

Alinisubiri. Alipokata tamaa ya kunisubiri saa moja na nusu ilikuwa imeshapita, na walipofika hospitali tundu lilikuwa limesinyaa kiasi kwamba lililazimika kutanuliwa kidogokidogo kwa mirija minene zaidi na zaidi. Mwanangu hana sauti ya kulia kama watoto wengine. Hulia kwa uso. Saa ya dawa ya jioni ilipita bila njia ya kumpa dawa, na usiku ule alipata degedege lililopita dakika 5, kisha 10, tukiwa tayari wodini, na namshukuru Mungu kwamba tulikuwa wodini.

Nilimkuta mume wangu kwenye benchi la korido, shati lake likiwa na maziwa yaliyokauka. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea, nakiri hilo. Aliinua kichwa akaniambia, "Daktari ameniuliza ukubwa wa mrija. Sikujua hata unaitwaje." Hakuisema kwa hasira. Niliketi kando yake, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba kwa miaka miwili na nusu nilikuwa nimemfanya mgeni wa mtoto wake mwenyewe, mtu wa kuuliza namba kwa simu na kuambiwa namba kwa simu, na kwamba nilikuwa nimepata faraja fulani katika kuwa mimi peke yangu niwezaye. Faraja ile ndiyo iliyomlipisha mtoto.

Tulikaa hospitali siku sita, na safari hii nilimwomba muuguzi wa zamu amfundishe baba yake, mimi nikiwa nje. Muuguzi alishangaa. Mwaka 2016 jumuiya ya wataalamu wa mapafu ya Marekani, American Thoracic Society, ilitoa mwongozo kuhusu watoto wanaopumua kwa mashine nyumbani, na humo ilishauri kwamba angalau watu wawili wa familia wafundishwe kumtunza mtoto huyo, na kwamba mtu aliyefundishwa awe macho karibu naye wakati wote. Mwanangu hapumulii mashine ya aina hiyo, lakini kila ninaposoma maneno "watu wawili" nakumbuka asubuhi ile ya mizigo. Na ninaposoma "awe macho wakati wote" najiuliza ni nani anayedhaniwa kuwa macho, maana siku ina saa 24 kwa kila mtu, na mama anayetakiwa kukesha usiku ndiye yuleyule anayetakiwa kupima mililita asubuhi bila kukosea.

Naamini kwa moyo wote kwamba mahali pa mtoto ni nyumbani. Kuna mtoto wa Kimarekani aliyeitwa Katie Beckett, aliyezaliwa mwaka 1978 na kupatwa na maambukizi ya ubongo akiwa bado mchanga, akawa anahitaji mashine ya kupumulia. Alikaa hospitali karibu miaka mitatu, na si kwa sababu madaktari walikataa arudi kwao. Ni kwa sababu bima ya serikali ililipia matunzo yake akiwa kitandani hospitalini lakini isingeyalipia akiwa nyumbani, ingawa nyumbani gharama ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa. Mwaka 1981 Rais Ronald Reagan aliieleza habari yake mbele ya waandishi, kanuni ikalegezwa, na mtoto akarudi kwao. Aliishi hadi mwaka 2012, akiwa na miaka 34. Ninaipenda habari hiyo, lakini kila mara husimama pale penye maneno "gharama ndogo". Nyumbani ni rahisi kwa sababu usiku wa mama hauandikwi kwenye hesabu yoyote. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu chake cha 23, unasema msaada kwa mtoto mwenye ulemavu uwafikie pia wale wanaomtunza, na mimi ningeridhika kama msaada huo ungeanza na jambo dogo kabisa: mtoto asitoke wodini mpaka watu wawili wamefanya kila kitu kwa mikono yao, usiku kucha, muuguzi akiwa amekaa tu anatazama.

Kumfundisha mwingine kulinishinda mwanzoni. Mume wangu humlisha polepole kuliko mimi. Anaposukuma maziwa huyahesabu kwa sauti, na humwaga. Nilikuwa nikisimama mlangoni na kumwambia inua, shusha, ngoja, na mkono wake ukaanza kutetemeka kwa sababu yangu. Siku moja aliweka bomba chini akaniambia kwa upole, "Mama, nenda nje." Nilikwenda. Nilikaa barazani nikiwa nimekunja mikono, na niliporudi mtoto alikuwa ameshiba na baba yake alikuwa akimfuta shingo.

Mama mkwe wangu alijifunza mwisho, kwa ombi lake mwenyewe. Tatizo lake lilikuwa macho, kwa maana mistari ya mililita kwenye bomba la sindano ni myembamba kama uzi na haionekani hata kwa miwani yake. Tulizungushia kila bomba utepe mwekundu mahali dawa inapotakiwa kuishia, bomba moja kwa kila dawa, na yeye huvuta mpaka dawa iguse utepe, kisha huinua bomba dirishani kwenye mwanga, hulitazama, na kulikabidhi kwa mtu wa pili alithibitishe. Ikitokea chupa mpya ina nguvu tofauti na ya zamani, tepe zote hubanduliwa na kubandikwa upya siku hiyohiyo, kabla dozi haijatolewa. Utaratibu huo sasa tunaufuata sote, hata sisi wenye macho mazuri.

Kuhusu binti yetu tuliamua jambo moja, na hapa najua wazazi wengine huamua tofauti. Siku ile yeye ndiye aliyejua, na majirani walimsifu kwa hilo, nami nikaziogopa sifa zile. Sitaki awe muuguzi. Anajua boksi liko wapi na anajua nani wa kumpigia, basi. Hapimi dawa, haamshwi usiku, na kila jioni nusu saa yake ni yake, mlango ukiwa umefungwa, baba au mimi tukiwa upande wake wa mlango. Wiki za kwanza alikuwa akisimama katikati ya mchezo na kutega sikio kuelekea chumba cha mdogo wake. Nilimwambia, "Yuko na bibi," naye akaniuliza, "Bibi anajua?" Nikamwambia anajua.

Yote yaliyokuwa kichwani mwangu sasa yamo katika daftari gumu lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa kitanda: saa za dawa, ukubwa wa mrija na kiasi cha maji ya puto, namba za simu, dalili za kutazama kabla ya kutazama oksimita. Kila anayeshika zamu huandika. Usiku wa kwanza nilipolala chumba kingine sikulala. Nilihesabu milio ya mashine kupitia ukutani mpaka alfajiri. Usiku wa pili nilisinzia. Wa tatu nililala saa sita mfululizo, na nilipoamka jua lilikuwa limeshapanda, nikakimbilia chumba cha pili bila viatu. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti, miwani kifuani, mtoto akiwa macho na ametulia. Nilifungua daftari. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu kama watu waliojifunza kuandika ukubwani: "Saa kumi. Maziwa yote. Hakupaliwa. Ameniangalia."